Bi Zulekha binti Mjaka na Mlango Wenye Tawi la Mwarobaini

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashehe wetu, mzee sheha, jamaa mliovuka kutoka Unguja na Dar es Salaam, majirani wa Gando mliojaa hapa barazani, na akina mama mlioko ndani ambao tumekuelekezeeni spika ya pili dirishani ili msikose neno, hitma imeshasomwa, dua imeshaombwa, na kabla sahani hazijatoka familia inaomba masikio yenu kidogo ili isomwe historia ya marehemu wetu, Bi Zulekha binti Mjaka, ambaye Gando nzima, na Konde kwa wale wanaojua mambo, mlimwita Bi Nshaugua. Sahani zitatoka, wala msiangalie jikoni.

Mzee Nassor, mume wa marehemu, ameagiza historia hii isifupishwe, kwa sababu binti yake, Samiha, ambaye kwa desturi angekuwa ndani na akina mama akipokea pole zenu, hayumo ndani, yupo nyumbani kwa Bwana Mmanga, nyuma ya msikiti, kwenye mlango wenye tawi la mwarobaini, anauguza, na hofu ya mzee ni kwamba kilichomkuta mama mtu katika milango hiyo kisije kikamkuta na binti. Kwa hiyo tunaanzia mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1968, hapa hapa Gando, Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mjaka, mkulima wa karafuu na muhogo, na marehemu Bi Masika, mpishi wa mafuta ya nazi, mafuta ambayo, hatujisifu bali tunaeleza yalivyokuwa, aliwahi kuyafuata mtu kutoka Mombasa, mwenyewe alisema alikuwa anapita tu, lakini mtu hapiti Gando, Gando unakwenda. Wakati wa kuzaliwa kwake mvua ilikuwa kubwa, mkunga akachelewa, na inasemekana mtoto alitoka mwenyewe akawasubiri, habari hii wanaithibitisha wazee watatu, ingawa wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki na wa tatu siku hizi hasikii vizuri.

Mwaka 1976 alianza darasa la kwanza katika skuli ya kijijini, na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1977, akiwa darasa la pili, surua iliingia Gando. Marehemu na mdogo wake, Abrahman, mtoto wa miaka minne, walilazwa mkeka mmoja, macho mekundu, mwili umejaa vipele, koo limekauka hata uji haupiti, na tarehe 27 Oktoba 1977 Abrahman alifariki, na dada yake akaamka akaomba maji. Hakulia, alikuwa na miaka tisa, aliuliza tu mkeka ule upande wa pili mbona mtupu. Hilo alilisimulia mara moja maishani mwake, hakulirudia, nasi hatuliongezi kitu.

Hapo ndipo ilipoanzia kazi ambayo hakuna aliyempa. Desturi yetu, ambayo vijana mnaiona ya kizamani, ni kwamba nyumba ikiingiwa na maradhi ya kuambukiza hufungwa tawi la mwarobaini mlangoni, na tawi likishafungwa haingii mtu ila yule aliyekwishaugua maradhi hayo, huyo ndiye atakayeosha, ndiye atakayelisha, ndiye atakayekaa na mgonjwa, wengine chakula wanakiacha kizingitini wanarudi nyuma. Katika surua ile ile ya mwaka 1977 nyumba ya tatu kutoka kwao ilikosa mtu mzima wa kuingia, wote walikuwa hawajaugua au hawakumbuki kama waliugua, na mtoto huyu wa miaka tisa, ambaye ngozi yake ilikuwa bado inabanduka, alichukua kata ya maji akapita chini ya tawi, na alipoulizwa na wakubwa anakwenda wapi, akasema, "Mie nshaugua." Aliingia, akatoka mzima, na neno hilo likawa jina lake.

Na alikuwa na haki, msidhani alikuwa mjinga wa mambo. Surua mtu akiugua mara moja haimrudii, mwili unabaki na kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo madaktari wanaiita kingamwili, zimo ndani ya damu, zinamjua kirusi kwa sura, akija tena zinamkamata mlangoni kabla hajavua viatu. Mwaka 1981 akaugua tetekuwanga, mwaka 1984 akavimba matubwitubwi mpaka shingo ikapotea, na kila aliponyanyuka alihesabu kuwa amefunguliwa mlango mwingine. Wenziwe walihesabu vikuku, yeye akihesabu maradhi.

Masomo yake aliyamaliza mwaka 1982, darasa la saba, na tunasema aliyamaliza kwa sababu yeye ndiye aliyeyaacha, hisabati iliomba radhi lakini hakurudi. Akaingia katika kazi ya mama yake, kukuna nazi, kukamua tui, kulichemsha mpaka mafuta yanakaa juu kama kioo, na vifuu alikuwa akivilundika nyuma ya jiko kwa ajili ya kuni, lundo ambalo aliyewahi kufika kwao analijua, refu kupita paa la banda la mbuzi, wageni walikuwa wakielekezwa njia kwa lundo hilo. Mvua za masika zikinyesha vifuu vilijaa maji, kila kifuu na kidimbwi chake, na hilo tunaomba mlikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Bwana Nassor, fundi baiskeli, tarehe 20 Agosti 1989, na ndoa hiyo haina mfano wake katika Pemba hii, pengine na Unguja. Wiki ya harusi tetekuwanga iliingia katika nyumba moja ya upande wa pwani, watoto watano wote chini, na bibi harusi, ambaye tayari alikuwa ametiwa hina, alipita chini ya tawi na hina yake, akakataa kutoka. Siku ya ndoa walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, bwana harusi alikuwepo na kanzu ya kuazima, idhini ya bibi harusi ikafuatwa dirishani, akaitoa kwa sauti huku amempakata mtoto wa watu, na ndoa ikafungwa. Bwana Nassor akataka kwenda kumwona mkewe, na hapo mke akatuma neno lake la kwanza kama mke, "Mwambieni asije, yeye hajaugua." Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee wetu hakusikia, alikwenda, akasimama dirishani, akamtazama, na wiki mbili baadaye fungate yao ilikuwa ni yeye kulala ndani ya chandarua, mgongo wazi, amepakwa mwarobaini kama mche uliopandwa vibaya, na mke pembeni yake ndani ya chandarua hicho hicho, anamwambia asijikune. Mzee Nassor amesema hili lisomwe. Amesema ndizo siku alizocheka kuliko zote.

Ndoa hiyo ilibarikiwa watoto wawili walio hai, Hafidh, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 1991, ambaye anaishi Dar es Salaam na amefika jana, na Samiha, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1997, mwalimu wa watoto wadogo hapa kijijini, na katikati yao Mwenyezi Mungu aliwachukua wawili wakiwa wachanga. Hafidh na Samiha aliwapeleka chanjo kwa tarehe zake, na aliwapeleka watoto wa wengine pia, wakati mwingine bila ya kuwauliza wenyewe, na mtu akimwambia kwamba yeye kinga yake aliipata kwa kuugua, mbona wengine anawapeleka sindano, alijibu kwamba chanjo ni kuugua bila ya kuugua, na kwamba yeye mkeka mtupu ameshauona, hahitaji kuonyeshwa wa pili.

Mtoto mmoja alimponyoka. Mwaka 1998 kijana Suhaib, wakati huo ana miaka minne, mama yake alimficha siku ya chanjo kwa kuogopa homa ya sindano, na surua ikaja ikamkuta. Bi Zulekha alipita chini ya tawi akakaa naye siku zote mpaka macho yakafunguka, alimlisha uji kwa kidole, na mtoto yule alipopata nguvu jambo la kwanza alilofanya ni kumwuma kidole hicho. Suhaib huyo ndiye daktari wetu wa kituo cha afya hivi sasa, amekaa pale karibu na nguzo, ameinamisha kichwa, na kovu la kidole marehemu alikuwa akimwonyesha kila akienda kupimwa presha, akimwambia asimpandishie, yeye ndiye aliyemwumba upya.

Tarehe 29 Aprili 2019 marehemu alisafiri kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya uzazi wa mke wa Hafidh, na huko akapata homa ya dengi, homa inayoletwa na mbu wa mchana, yule mwenye madoadoa meupe miguuni. Aliugua wiki moja, akapona, akarudi Gando tarehe 14 Juni 2019, na hadithi ya homa hiyo ilikua kila alipoisimulia, mwanzo ilimuuma viungo, halafu ikamvunja mifupa, na kufikia Idi Kubwa mifupa ilikuwa imetolewa, ikahesabiwa na kurudishwa mahali pake. Watu walicheka, na yeye akamalizia kama anavyomalizia siku zote, kwamba na hiyo nayo keshaiugua.

Sasa tunafika mahali ambapo familia imeambiwa maneno mengi, tunaomba yasikike ya kweli.

Mwaka huu wa 2025, baada ya Idi Ndogo, mvua za masika zilipokaa, dengi iliingia Gando. Madaktari walipita nyumba kwa nyumba wakasema hii si homa ya kuambukizana kwa kugusana, ni ya mbu, mwageni maji, funikeni mapipa, mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana ili mbu asimwume akaipeleka kwa mwengine. Watu waliitikia, na walipoondoka wakafunga matawi ya mwarobaini milangoni, kwa sababu ndivyo tunavyojua, na wakaenda kumwita Bi Zulekha, na Bi Zulekha akachukua kikapu chake, chenye kanga mbili, kata, na chupa ya mafuta, akaingia. Wagonjwa aliwalaza ndani ya vyandarua, hilo alilishika sawasawa, na yeye akakaa nje ya chandarua, kwenye kigoda, mchana kutwa, mikono wazi, miguu wazi, kwa hoja kwamba mbu wa maradhi haya yeye hana la kumfanya. Na wengine walioiugua Dar mwaka ule wa 2019 walipomwona vile, na wao vyandarua vyao wakawapa jamaa zao, wakaona ndio uungwana.

Wiki ya pili ya Aprili Suhaib alimfuata jikoni kwake, akapindua vifuu vichache kwa mguu, maji yakatoka na wadudu wake wanachezacheza ndani, akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akamweleza kwa utaratibu, na maelezo hayo tunayatoa kama alivyotupa sisi. Alimwambia, "Bibi, surua ni moja tu, ukishaiugua habari yake imekwisha. Dengi ziko nne, na wewe umeugua moja." Akamfahamisha kwamba hizo nne ni kama ndugu wanaofanana sura, kinga ya yule wa kwanza inamzuia yule wa kwanza, lakini akija mwenziwe zile kingamwili za zamani zinamwona, zinadhani zinamjua, zinamshika mkono, na nguvu za kumtupa nje hazina, basi kwa kumshika kule ndiko zinakomwingiza ndani ya chembe za mwili, akifika huko anazaana, na homa ya pili inaweza kuwa kali kushinda ya kwanza. Hakusema lazima iwe hivyo. Alisema wengi hupona, lakini aliyekwishaugua mara moja ndiye hasa wa kujikinga, si wa kukaa nje.

Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho huku anakoroga tui, kisha akasema, "Hizo tatu zilobaki nazo zije zinisalimie." Suhaib hakucheka. Alifungua mkoba wake akatoa chandarua kipya, kimo ndani ya mfuko wake, akakiweka mapajani mwa Bi Zulekha, akamwomba kwamba akiuguza, aingie na yeye ndani, akae na mgonjwa humo humo. Naye akamjibu neno ambalo limezunguka kijiji kizima, "Watu wawili ndani ya chandarua ni bwana harusi na bibi harusi, mie hayo nshayamaliza." Mzee Nassor alikuwa nje anaziba pancha, akasikia, akatabasamu. Anasema alitabasamu.

Tarehe 22 Aprili 2025 Samiha alishikwa na homa, kichwa kinamuuma nyuma ya macho, viungo havikunjiki, ikapimwa ikawa ndiyo, na tawi likafungwa mlango wa nyumba hii mliyoizunguka. Mama mtu alimlaza ndani ya chandarua, yeye akakaa kwenye kigoda, akimpa madafu, akimpa uji, akimwambia vichekesho vya watu ambao baadhi yao mpo hapa, na Samiha akapona, alhamdulillahi, tarehe 30 akaweza kwenda kisimani mwenyewe. Ilikuwa homa yake ya kwanza ya maradhi hayo, na mwili wake ukaishinda.

Tarehe 3 Mei 2025 marehemu aliamka na homa. Alisema ni uchovu. Tarehe 4 na 5 homa ilipanda, hakutaka kituoni, alisema akienda Suhaib atafurahi. Tarehe 6 homa ilishuka, akasema imekwisha, akanyanyuka, akakuna nazi mbili. Madaktari wametueleza kwamba katika maradhi haya homa ikishuka ndipo pa kuangalia, kwa sababu hapo ndipo mishipa inapoanza kuvuja maji ya damu, sisi hatukujua, tulifurahi, tulikaanga samaki. Usiku ule tumbo likamuuma. Asubuhi ya tarehe 7 fizi zilitoka damu, mikono ikawa baridi, na Suhaib aliyekuja kumwangalia alimchukua mwenyewe kwa gari ya jirani mpaka hospitali.

Hospitali walimtia dripu, wakampima damu, na kipimo kilionyesha mambo mawili kwa pamoja, kirusi kipya na kingamwili za zamani, nyingi sana, za ile homa ya mwaka 2019. Daktari mkubwa alikaa na Mzee Nassor akamwonyesha, na Mzee Nassor akauliza kama zile za zamani zilikuwa hazifanyi kazi, akaambiwa zilifanya kazi, ile ile aliyoieleza Suhaib jikoni. Walimhudumia siku mbili, hawakulala. Tarehe 8 mchana alikuwa na fahamu, akaangalia juu, akaona chandarua cha hospitali, akamwambia mumewe, "Ingia basi, unaogopa nini." Mzee aliingia. Nesi alimwona, akamwacha.

Bi Zulekha binti Mjaka alifariki dunia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 56, akasaliwa baada ya sala ya Ijumaa, na akazikwa hapa Gando pembeni ya kaburi la mdogo wake, Abrahman. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Imesemwa kwamba aliuliwa na dripu. Si kweli. Imesemwa Suhaib alimtolea kauli mbaya pale jikoni na kauli ikamfuata. Si kweli, na anayesema hivyo aje aseme hapa kwenye spika, yupo aliyekaa karibu na nguzo anamsubiri. Imeulizwa pia kwa nini nyumba hii haikulia kwa sauti, tumechota maji, tumepokea wageni, tumeosha sufuria, mtu akitupa pole tunaitikia, kilio nacho kitakuja siku yake kitakapotaka.

Jana, Jumamosi, asubuhi, siku moja baada ya maziko, mke wa Bwana Mmanga alikuja hapa, na tusimlaumu, mtoto wake Nusaiba anaungua kwa homa. Alisimama mlangoni, hakuweza kukaa, akasema maneno ambayo mama wa nyumba hii ameyasikia maisha yake yote, "Namtaka Samiha, keshaugua." Samiha alikuwa ameegemea ukuta, hajala tangu juzi, na alinyanyuka kama aliyeitwa darasani, akafunga kanga, akachukua kikapu cha mama yake, akakagua kata imo, chupa imo, akatoka. Hakuna aliyemzuia, wanawake walimpa njia, wengine walimshika kichwa wakamwambia yeye sasa ndiye Bi Nshaugua. Alipita kwenye lundo la vifuu bila ya kuliangalia.

Mzee Nassor alikuwa hapa barazani na wanaume. Aliona mtoto anapita na kikapu kile. Aliingia ndani, na tukadhani amekwenda kujilaza, mtu wa miaka sitini na tano aliyezika mke jana yake. Tulimsikia anapekua. Chini ya godoro la marehemu, upande wake, alikikuta chandarua cha Suhaib, kimo ndani ya mfuko wake, hakijafunguliwa, kimekunjwa ndani ya kanga mpya, kwa namna mtu anavyoweka kitu cha harusi au cha uzazi. Samiha anaposwa mwaka huu, wengi mnajua. Mama mtu alikuwa anamwekea.

Akatoka nacho. Alipita katikati ya wageni bila ya kuvaa viatu, amekishika mbele kwa mikono miwili, mfuko unalia kila hatua, akaenda mpaka kwa Bwana Mmanga, na huko kuna tawi mlangoni. Mzee wetu hajawahi kuugua dengi, kwa hesabu ya kijiji hiki hana ruhusa ya kupita pale, na watu waliokuwepo wakamwambia, mzee, tawi. Alilipandisha kwa mkono akapita. Ndani mtoto alikuwa kitandani chini ya chandarua kimoja kidogo kilichotoboka, na Samiha kwenye kigoda, nje, mikono wazi, kama vile alivyofundishwa. Mzee alichana mfuko kwa meno, akapanda juu ya kitanda cha watu, fundi baiskeli yule, akafunga kamba kwenye boriti nne, akakishusha kikawafunika wote wawili, mtoto na binti yake, akaingiza pindo chini ya godoro pande zote. Samiha alimwambia, baba, mie nshaugua. Naye akamjibu, "Ndiyo maana." Akakaa nje ya chandarua kidogo, akaambiwa na yeye atoke, hajakingwa na chochote, akatoka.

Alipofika hapa alituambia tuvimwage vifuu vyote, na tumevimwaga, mmepita juu yake mkija, lile lundo halipo tena. Wageni wapya itabidi waulize njia.

Kwa hiyo familia inaomba, na hili ndilo alilotaka Mzee Nassor, kila aliyeugua dengi mwaka 2019, huko Dar au popote, na kila aliyeiugua masika haya akapona, leo akirudi kwake achukue chandarua chake kutoka kwa aliyempa, au akae ndani pamoja naye, na asione haya. Tawi fungeni mkitaka. Lakini aliyekwishaugua dengi asikae nje. Surua ni surua, na watoto wapelekeni chanjo, marehemu angekupelekeeni yeye, sasa itabidi mwende wenyewe.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali waliokesha naye, kwa daktari Suhaib, ambaye alipokea mwili wake garini kwa mikono ile ile aliyolishwa nayo, hapana, kwa mikono yake mwenyewe, samahani, iliandikwa kwa haraka, kwa majirani waliochota maji na kuchimba kaburi kwenye mvua, kwa wauza mafuta wenzake wa soko la Wete waliofunga biashara siku ya Ijumaa na kuja na mchele, kwa walimu wenzake Samiha, na kwa Bwana Mmanga na mkewe, ambao wametuma salamu kwamba homa ya Nusaiba leo imeshuka, kwa hiyo leo ndiyo anaangaliwa sana, na Suhaib akitoka hapa anakwenda huko. Tuliyemsahau atusamehe, na aliyekosewa na marehemu amsamehe, na deni la lile kovu la kidole alilobaki nalo linamhusu mtu mwengine, aliyekaa karibu na nguzo.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema, amkutanishe na mwenziwe wa mkeka mmoja, amin. Lala kwa amani, Bi Zulekha binti Mjaka, chandarua kimeshatundikwa, na mwanao yumo ndani.